Kufunga Vitabu, Tarehe Thelathini Juni

Leo tunafunga vitabu.
Nje, upepo wa kipupwe unazoa vumbi la Isevya,
ndani, taa moja kati ya nne inawaka,
nami Kalunde, mhasibu daraja la pili,
naandika kwanza kwa kalamu ya risasi,
maana kosa la wino lina barua yake.

Sehemu ya Kwanza: Kazi Zilizofanyika.
Vitabu vya stakabadhi, elfu kumi na moja.
Vibali vya kurina asali, vibali vya pombe ya kienyeji,
hati za kusafirishia tumbaku, nakala tatu tatu,
ile ya waridi humfuata mnunuzi.
Kadi za kliniki. Kadi za chanjo ya ng'ombe.
Fomu za vizazi, elfu arobaini.
Fomu za vifo, elfu tisa.
Ukizitazama hivyo, mkoa una faida.

Sehemu ya Pili: Mitambo.
Mashine kubwa, ile ya Kijerumani,
ilisimama siku sitini na mbili:
arobaini kwa umeme,
kumi na tisa kwa kungoja mkanda
uliopakiwa Dar kwenye behewa la mizigo,
ukapitiliza hadi Mwanza,
ukarudi kwetu kama mgeni asiye na haraka;
tatu kwa mchwa.
Ndiyo, mchwa. Walianza na karatasi za mwaka juzi,
wakapanda rafu hadi kwenye Kanuni za Fedha,
wakatuachia jalada.

Sehemu ya Tatu: Wadaiwa na Wadai.
Halmashauri tunaidai. Gereza tunalidai.
Shule tunazidai tangu enzi za walimu wakuu waliokwisha kustaafu.
Tunachapa hati za madai za mkoa mzima,
zetu wenyewe tunaziandika
nyuma ya karatasi zilizoharibika.
Nasi tunadaiwa: gundi, dizeli, maji,
na saa za ziada za Nsimba, miezi saba.

Nsimba Mihayo, mkata karatasi.
Miaka thelathini na mmoja mbele ya kile kisu,
vidole tisa.
Cha kumi, alikuwa akituambia, kimo ndani ya mizania,
kitafuteni, nyie ndio wasomi.

Mkaguzi ameuliza, hoja namba sita:
vipande vya pembeni, baada ya kukata, huuzwa wapi?
Mapato yake hayaonekani.
Kweli, hayaonekani.
Nsimba alivishona.
Kila Ijumaa jioni, sindano ya magunia,
uzi wa kufungia tumbaku,
vidaftari vyenye upana wa kiganja.
Watoto wa kota za reli walijumlishia humo,
wangu mmoja wao, aliyekuwa akikopa moja
na kusahau kuirudisha.
Mali bila daftari huisha bila habari,
tulifundishwa chuoni.
Daftari bila mali hatukufundishwa.

Aprili, mjane wake, Bi Nyanzala, alikuja dirishani
na cheti cha kifo, kafuata mirathi.
Nilikikagua kama inavyotakiwa:
jina, saini, muhuri.
Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa,
namba ya kazi na mwaka.
Kazi yetu.
Ukingo umenyooka. Mwingine hapa
angeacha kinyuzi.
Nikagonga IMEPOKELEWA
nikamwomba Bi Nyanzala arudi Jumatatu,
na Jumatatu nikamwomba tena.

Sehemu ya Nne: Uchakavu.
Mashine kubwa, asilimia kumi na mbili na nusu.
Kikata karatasi, asilimia kumi na mbili na nusu.
Meza, viti, feni isiyozunguka.
Kasma ya mtu hakuna.
Nimetafuta katika kanuni,
zile walizotubakizia mchwa.

Saa kumi na moja. Treni ya Kigoma inapiga honi
na madirisha yanaitikia.
Hoja namba sita nimeijibu hivi:
Vipande havikuuzwa. Vilitumika.
Nikafuta.
Nikaandika tena yaleyale, safari hii kwa wino.

Rasimu niliipigia ndani ya kidaftari,
cha mwisho alichonishonea.
Zimebaki kurasa tatu.
Hizo sijaziingiza popote.